Mto Hausafishwi kwa Ufagio

Ahadi ya kuusafisha Mto Nairobi imetolewa mara nyingi, na kila inapotolewa huandamana na picha zile zile: waheshimiwa waliovaa glavu na buti za mpira, vijana wenye reki na matoroli, na rundo la plastiki lililoopolewa majini. Mwaka 2008 Serikali ilianza kampeni kubwa chini ya aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, na kwa muda sehemu ya mto iliyo karibu na katikati ya jiji ikaonekana kupata nafuu. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango mwingine, na vijana kwa maelfu wakaajiriwa kufanya kazi mtoni. Hatuidharau kazi ya vijana hao. Jasho lao ni la halali na ujira wao ni haki yao. Lakini ni wajibu wetu kusema waziwazi kwamba mto hausafishwi kwa ufagio. Uchafu unaouua mto huu hauokoteki kwa mkono. Umeyeyuka ndani ya maji, hutoka vyooni, jikoni, bafuni na viwandani, na huingia mtoni usiku na mchana, siku ya kampeni na siku isiyo ya kampeni.

Hebu tuufuate mto wenyewe. Chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Jina lake tumelirithi kwa ndugu zetu Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Hupita jijini, ukapokea maji ya mito ya Mathare na Ngong, kisha ukaelekea mashariki hadi kuungana na Mto Athi. Kutoka hapo maji yale yale huteremka Machakos, Makueni na Kitui, yakaungana na Mto Tsavo, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwishowe yakaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Katika Kaunti ya Makueni, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, ndipo palipochaguliwa kujengwa Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, na maji yake yamekusudiwa kwa matumizi ya nyumbani na kwa kilimo. Kwa hiyo, anachokitupa mkazi wa Nairobi hakipotei. Kinahamia kwa mwenzake. Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Lakini kinachovuja hapa kinamdondokea mama wa Yatta anayeteka maji kwa mtungi.

Wasomaji wetu walio makanisani watakumbuka sura ya 34 ya kitabu cha nabii Ezekieli, ambamo Mungu anawakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yao yale yaliyobaki, hata wanyonge wakalazimika kunywa tope. Nabii hakuwa akifundisha usafi wa mazingira. Alikuwa akizungumzia utawala, na ndivyo nasi tunavyokusudia kuzungumza. Tunasema kwamba uchafu wa mto ni hesabu ya utawala, na kwamba mwananchi ana haki ya kuisoma hesabu hiyo.

Ili tuisome, yatupasa kwanza tuelewe majitaka husafishwa vipi. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi yanayopita katika mabomba hupelekwa Ruai, katika kituo kinachojulikana kwa jina la Dandora. Kituo kingine cha zamani na kidogo zaidi kiko Kariobangi. Kule Ruai hakuna mtambo wa ajabu. Majitaka hupitishwa kwanza katika vyuma vinavyozuia matambara na plastiki, na mchanga ukaachwa utuame. Kisha huingia katika mabwawa yenye kina, yasiyo na hewa, ambamo vijidudu hula uchafu mzito. Kutoka hapo huenda katika mabwawa mapana ambamo mwani, kwa nguvu ya jua, hutoa oksijeni inayowasaidia vijidudu wengine kuimaliza kazi. Mwishoni maji hutulia katika mabwawa yasiyo na kina, na huko miale ya jua na kupita kwa siku nyingi huua viini vya maradhi. Ndipo maji huachiliwa mtoni. Mali kuu ya kituo cha namna hii, basi, ni mambo matatu: jua, muda na ardhi ya kutosha. Tunamwomba msomaji aliweke moyoni neno hilo la ardhi, kwa maana tutalirudia.

Kazi hii ina vipimo vyake. Wataalamu hupima uchafu wa majitaka kwa kuangalia ni kiasi gani cha oksijeni kitakachotumiwa na vijidudu, kwa muda wa siku 5, katika kuuozesha uchafu uliomo. Mto unaopokea uchafu mwingi hunyang'anywa pumzi yake. Samaki hufa hata pasipokuwa na sumu yoyote. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayorudishwa katika mazingira. Majitaka ghafi ya mji huwa na mara kumi ya kiasi hicho, au zaidi. Basi swali la kuwauliza watawala wetu ni jepesi: maji yanayotoka katika bomba la mwisho la Ruai mwezi huu yana miligramu ngapi? Na yale ya Kariobangi? Ni swali linalojibika kwa tarakimu moja, na mwananchi hahitaji shahada ya uhandisi ili kujua kama 30 imezidishwa.

Lakini hata kituo bora hakiwezi kusafisha maji yasiyokifikia. Kuna mitaa mizima ya Nairobi isiyo na bomba la majitaka. Magorofa yamejengwa mahali ambapo hakuna mfereji mkuu, kwa vibali vilivyotiwa sahihi na maafisa waliojua vyema kwamba haupo. Katika mitaa ya mabanda, vyoo vingi humwagika moja kwa moja kwenye mitaro inayoteremka mtoni. Mabomba makuu ya zamani hupasuka au huziba, na yale yanayofuata ukingo wa mto yakipasuka, mto ndio unaoyapokea yaliyomo. Pengine wakulima wasio na maji mengine huyazibua wenyewe ili wanyweshee sukumawiki, na mboga hizo hurudi sokoni mjini. Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953 kwenye Mto Ngong na ambalo watu waliwahi kuendesha mashua za tanga ndani yake, limejaa tope na magugu kwa sababu ya yale yanayoteremka kutoka makazi yasiyo na mabomba. Hayo yote hayakuletwa na ukosefu wa adabu miongoni mwa maskini. Mtu aliyenyimwa choo hawezi kuhukumiwa kwa mahali alipojisaidia.

Mahakama zetu zimewahi kulisema jambo hili vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kesi iliyotoka mji mdogo wa Kiserian. Wenye majengo kadhaa walikuwa wameshtakiwa kwa kuelekeza majitaka katika mto. Mahakama iliyafuta mashtaka hayo, kwani washtakiwa walikuwa wamechaguliwa miongoni mwa wengi waliokuwa katika hali ile ile. Lakini haikuishia hapo. Ilisema kwamba haki ya kuishi, iliyolindwa na Katiba ya wakati huo, inabeba ndani yake haki ya mazingira safi. Kwamba Serikali inazishika mali asili, mito ikiwemo, kama amana kwa niaba ya watu. Na kwamba wizara iliyohusika na maji na baraza la eneo hilo hawangeweza kukwepa wajibu wa kujenga kituo cha kusafisha majitaka. Mahakama iliongeza kuwa, kama jambo hilo lingefikishwa mbele yake ipasavyo, isingesita kutoa amri ya kulazimisha kituo kijengwe. Uzito wa maneno hayo haujapungua. Dola inayomshtaki mwenye ploti kwa kuchafua mto, huku yenyewe haijatandaza bomba, inamwadhibu raia kwa kosa lake yenyewe.

Tangu hapo sheria imepata meno zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja kwa jina haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au madhara. Nyongeza ya Nne inazikabidhi serikali za kaunti huduma za maji na usafi. Hakuna tena nafasi ya kutupiana lawama kati ya City Hall na wizara; kila mmoja ameandikiwa fungu lake.

Lakini haki iliyoandikwa haijitekelezi yenyewe. Mwezi wa Julai mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa uamuzi kuhusu jaa la taka la Dandora, lililo kando ya mto, na kuhusu uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi. Iliagiza jaa lile liondolewe katika muda wa miezi sita, na wahusika wachukue hatua za kuisafisha mito. Miezi sita ikapita, na malori yakaendelea kumwaga taka pale pale. Sisi tuliosomea sheria tunalitazama jambo hili kwa uchungu wa pekee. Amri ya mahakama ikipuuzwa kuhusu jaa la taka, nani atatuhakikishia kwamba haitapuuzwa kuhusu kura au kuhusu uhai wa mfungwa? Anayezoea kuidharau sheria katika mambo anayoyaona madogo atakuwa mwepesi kuidharau katika makubwa.

Sasa turudi kwenye neno la ardhi. Tumesema kwamba mabwawa ya kusafishia majitaka hula nafasi. Kwa hiyo anayenyakua ardhi ya kituo cha majitaka hakunyakua shamba tu. Amenyakua usafi wenyewe, amewaibia wanaoishi kando ya Mto Athi hadi Sabaki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na kwamba hati zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa zawadi za kisiasa. Ardhi za majitaka hazikusalimika. Na ilipofika siku ya kuzirejesha, nani alilipa? Mwezi wa Mei mwaka 2020, wakati wa korona, kafyu na mvua za masika, matingatinga yaliingia Kariobangi na baadaye Ruai. Maelfu ya watu walivunjiwa nyumba, na wale wa Kariobangi walivunjiwa licha ya amri ya mahakama. Ardhi ilikuwa ya umma, hatubishi. Lakini aliyelala nje kwenye matope na watoto siye aliyegawa ploti, wala siye aliyetia sahihi hati.

Jambo hilo lilijirudia mwaka 2024. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, Serikali iliamuru watu waondoke katika mita 30 za ukingo wa mito, na matingatinga yakashuka Mathare na Mukuru. Hatuna ugomvi na kanuni ya kulinda ukingo wa mto. Maji yana njia yake, na atakayejenga juu ya njia hiyo atayaona. Tunachokipinga ni mto kufanywa kisingizio cha kuwafagia maskini pamoja na taka. Katika kesi ya Mitu-Bell, mwezi wa Januari mwaka 2021, Mahakama ya Juu ilitambua kwamba hata wanaoishi juu ya ardhi ya umma wana haki ya makao inayopaswa kulindwa. Mto unaosafishwa kwa kuvunja nyumba za wanyonge, huku bomba lililopasuka likiachwa limwagike, haujasafishwa. Umefanyiwa mapambo.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini watawala hawalishughulikii jambo lililo wazi namna hii? Historia inatupa jibu. Mwaka 1858 Mto Thames wa London ulinuka kiasi cha kuwashinda wabunge waliokuwa wakikutana ukingoni mwake. Watu wa mji huo walikuwa wamekufa kwa kipindupindu kwa miaka mingi kabla ya hapo. Harufu ilipoingia Bungeni, sheria ya kujenga mifereji mikuu ikapitishwa kwa muda mfupi. Mambo hayako mbali sana na kwetu. Mwaka 2017 kipindupindu, maradhi yanayosafiri katika maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi, kilipowafikia waliohudhuria mikutano katika majengo ya fahari ya Nairobi, mawaziri wakiwemo, jiji zima lilishtuka. Lakini Mukuru na Mathare walikuwa wakikifahamu kipindupindu zamani. Watawala huchukua hatua wanaponusa. Kazi ya raia ni kuhakikisha kwamba wananusa kabla ya watu kuzikwa.

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwamba mabomba na vituo ni ghali. Lakini Katiba, katika Kifungu cha 20, imelijibu dai hilo: Dola inaposema haina uwezo wa kutekeleza haki kama hizi, ni juu yake kuthibitisha hivyo, si juu ya mwananchi kuthibitisha kinyume. Basi ithibitishe. Ituwekee mezani magari ya kifahari, safari za ng'ambo, bili zisizolipwa na miradi hewa, kisha ituonyeshe mahali ambapo bomba la majitaka limekosa nafasi. Tutaambiwa pia kwamba wananchi wenyewe ni wachafu. Wapo wanaotupa taka ovyo, na wakome. Lakini hata tukiwa watakatifu wote, choo kisichounganishwa na bomba bado kitaelekea mtoni.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo manne kwa wapenda mageuzi na kwa waumini.

Kwanza, tudai tarakimu. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Dola, na afisa anayeombwa anapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Kila parokia na kila kikundi cha haki kiandike barua kwa kampuni ya maji na kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, kudai vipimo vya kila mwezi vya maji yanayotoka katika vituo vya majitaka, pamoja na orodha ya viwanda vyenye leseni ya kumwaga maji mtoni na masharti ya leseni hizo. Vipimo hivyo vibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa, kando ya matangazo ya ndoa.

Pili, tuhudhurie vikao vya bajeti. Makadirio ya kaunti hupaswa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Tusiende huko kuomba misaada ya harambee. Twende tukaulize ni kilomita ngapi za bomba zitakazotandazwa mwaka huu, katika wadi gani, na zile zilizoahidiwa mwaka uliopita ziliishia wapi.

Tatu, tusimame na wanaofukuzwa. Palipo na haja ya kuhamisha watu kutoka ukingo wa mto au ardhi ya kituo, sharti kuwe na notisi, mashauriano na mahali pa kwenda. Na wale waliogawa na kuuza ardhi hiyo washtakiwe kwanza.

Nne, tuanzie nyumbani. Makanisa yetu yana shule, hospitali na nyumba nyingi. Kila baraza la kanisa liulize majitaka yake huenda wapi. Lori linalokuja kunyonya shimo la shule, je, linamwaga kituoni au gizani kwenye kijito kilicho karibu? Tusije tukamwonyesha gavana kibanzi huku bomba letu likivuja.

Yapo mawazo kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba wapigania demokrasia wana kazi kubwa zaidi. Hatukubali. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai aliposimama kuitetea bustani ya Uhuru Park isijengwe ghorofa la chama tawala, wako waliomwona kama mama anayegombania nyasi. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja pekee kiliondolewa katika Katiba, na wengi wakaelewa kwamba aliyeitetea bustani alikuwa akitetea jambo lile lile: mali ya watu isitawaliwe kana kwamba haina mwenyewe. Vyama vingi vilitupa haki ya kuwachagua wanaotutawala. Bado hatujaizoea haki ya kuwadai hesabu baada ya kuwachagua.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu uko chini ya ardhi, ndani ya mabomba, na unavuja tunaposoma maneno haya. Barua ya kudai vipimo inaandikwa kwa ukurasa mmoja. Tuiandike wiki hii, tuitie sahihi kwa majina yetu, na tuanze kuhesabu siku 21.